Rebeki Kwenye Buti la Gari

Kaka yangu si mtu wa kuomba. Tangu utoto yeye aliamuru, mimi nikabisha, na maisha yakaendelea hivyo hivyo hata tulipovuka bahari, yeye akatua Katy, nje kidogo ya Houston, na mimi Arlington, Texas hiyo hiyo ila saa nne kwa gari. Kwa hiyo aliponipigia simu baada ya Pasaka, mwaka 2019, akasema, "Mdogo wangu, nina ombi," nilivuta kiti nikakaa kabla sijalisikia ombi lenyewe. Nilidhani kuna mtu amekufa.

Hakuna aliyekufa. Kulikuwa na uvimbe.

"Umekaa juu ya neva," alisema. "Huku karibu na kwapa, mkono wa kushoto. Wanau-monitor kwanza, halafu surgery mwezi wa nane. Surgeon anasema atajitahidi, ila vidole hawezi kuni-guarantee."

Mimi ni nesi. Nikaanza maswali ya kinesi: unasikia ganzi, unaamka na maumivu, kikombe unakishika? Akanikata.

"Sijakupigia uniuguze. Nataka unichongee kile kidude chako. Rebeki."

Rebeki, kwa asiyeijua, ni bibi yake fidla. Wazungu waliipiga huko Ulaya karne za kati, kabla fidla haijapata kiuno na mabega. Ina umbo la parachichi refu lililopasuliwa katikati, ina nyuzi tatu, na mwili wake wote pamoja na shingo unachongwa kutoka gogo moja. Unalichimba gogo ndani kama mtu anayetengeneza mtumbwi, kisha unaufunika uwazi kwa ubao mwembamba uitwao uso. Inapigwa kwa upinde wa singa za farasi, na sauti yake hutokea puani.

Kaka alipiga fidla na kikundi cha wastaafu wa Kizungu huko Houston, watu waliopenda muziki wa karne hizo kuliko chakula. Watanzania wenzetu walimcheka, yeye hakujali. Kikundi kilikuwa na rebeki moja tu, na mama aliyeimiliki alikuwa amehamia jimbo jingine, akaondoka nayo. Mwezi wa nane kulikuwa na onyesho lao, Jumamosi. Kaka angepasuliwa Jumatatu inayofuata.

"Nataka nipige mara moja," alisema. "Yangu mwenyewe. Baada ya hapo wakate wanachotaka."

Nilimjibu kwa sauti ya utulivu kwamba nitamchongea. Nilipokata simu nilicheza peke yangu pale jikoni, na nina aibu kuandika hivi, lakini ndivyo ilivyokuwa: furaha ilitangulia, huzuni ikafuata nyuma.

Lazima nieleze kwa nini. Baba yetu alichonga mazeze, upande wa Dodoma, na watu walikuja kwake kutoka mbali. Kazi ile alimfundisha kaka peke yake. Mimi nikisogea naambiwa nikaangalie chungu. Baba hakuwa mkali sana katika hilo. Aliyekuwa mkali ni kaka. Siku moja aliniona nimeshika kisu na kipande cha mti, akaninyang'anya vyote viwili, akasema, "Hii kazi haina mwanamke," na akakaa kwenye kigoda cha baba mpaka jua likazama ili nisirudi. Watu wema husahau mambo kama haya. Mimi si mmoja wao.

Nilipofika umri wa kujinunulia visu mwenyewe, nikajinunulia. Tangu 2018 nilikuwa naenda Fort Worth kila Jumamosi niliyokuwa sina zamu, kwenye karakana ya mzee mmoja Mzungu, fundi mstaafu aliyefundisha watu kuchonga vyombo vya muziki vya kale. Nilikuwa mwanamke pekee na Mwafrika pekee. Mzee hakushangaa. Alinipa patasi, akaniambia niinoe, na baada ya saa moja akaijaribu kwenye nywele za mkono wake akanirudishia niinoe tena. Nilimpenda kuanzia hapo.

Sasa nilikuwa na miezi minne na mteja ambaye ni adui wangu wa zamani. Nilichagua gogo la mti wa pekani lililoangushwa na upepo kwa rafiki yetu kule Mansfield, mji wa jirani, limekauka vizuri, zito. Mzee alisema mti huo ni mgumu mno kwa kazi ile. Nikamwambia mimi nimetoka kwa watu wanaochonga mpingo. Ni uongo, kwetu zeze ni kibuyu na kijiti, lakini yeye angejuaje?

Nilichonga wiki sita. Nilichonga karakana, nikachonga gereji nyumbani hadi mume wangu akahamishia gari lake barabarani bila kusema kitu, ila alifunga mlango wake kwa kishindo. Wenzangu wa kanisani walipoliona lile umbo walinitania: "Nesi, huo ni mwiko wa ugali wa shule nzima?" Nilicheka nao. Moyoni nilikuwa nahesabu siku.

Mwezi wa sita, Jumamosi moja asubuhi, nilikuwa napunguza unene wa ndani. Kazi hiyo unaifanya kwa kusikiliza: unagonga mti kwa kifundo cha kidole, unasikia mahali unapoitikia na mahali unaponuna. Nikakutana na mahali panaponuna. Nikaongeza nguvu, kwa sababu pekani ilinichosha na kwa sababu nina hasira za karibu, na patasi ikatokea upande wa pili. Nilitazama ncha yake imetokeza mgongoni mwa rebeki kama kucha.

Mzee wa karakana alikuja, akatazama, hakusema "nilikuambia". Alikwenda kwenye rafu yake akaniletea gogo jingine, la mti laini zaidi, akaliweka mezani mbele yangu na kurudi kwenye kazi yake.

Nilimpigia kaka nikiwa nimekaa kwenye gari pale nje, nalia.

"Nimetoboa," nikamwambia. "Sitawahi. Kodisha, azima, sijui, lakini sitawahi."

Aliacha nipenge kamasi kwanza. Kisha akasema, "Anza lingine."

"Kaka, imebaki miezi miwili."

"Anza lingine, mdogo wangu. Usiache."

Nikaanza. Nilibadilishana zamu na kila aliyekubali, nikaiweka Krismasi yangu ijayo rehani kwa wenzangu wa wodini. Viganja vikaota sugu mpaka mgonjwa mmoja akaniuliza kama nalima. Kila Jumapili nilimpigia kaka, na maneno yetu yakawa yale yale.

"Vidole vipi?"

"Vipo."

"Vinafanya kazi?"

"Vinafanya, mama, wewe chonga."

Nilipomwomba anipigie hata fidla kidogo kwenye simu nisikie, alikuwa amechoka, au anaendesha gari, au wifi amelala. Sikutia shaka. Nilikuwa na mengi ya kutilia shaka hapo mezani kwangu.

Uso wa rebeki niliubandika kwa gundi ya ngozi ya ng'ombe, ile inayokuja kama punje, unailoweka na kuipasha kwenye maji ya moto yasiyochemka. Ndiyo gundi ya wakati ule, na mafundi wanaipenda hadi leo kwa sababu inakubali kufunguliwa. Chombo kikiharibika ndani, fundi anaitia joto na unyevu, uso unaachia bila kuvunjika, anatengeneza, anafunga tena. Mzee alinionya jambo moja tu kuhusu gundi hiyo, na alinionya mara mbili. "Usiiache kwenye gari," alisema. "Hapa Texas, wakati wa kiangazi, saa moja inatosha."

Alhamisi kabla ya onyesho nilifunga nyuzi, za utumbo wa kondoo. Nikaupaka upinde ulimbo, nikavuta. Ikalia kama mbuzi aliyebanwa na mlango. Nikasogeza kidaraja kinachobeba nyuzi, unene wa ukucha tu, nikavuta tena. Safari hii sauti ilikuja nzima, nyembamba na ya puani, ikajaa gereji yote, na mume wangu akatoka ndani na kijiko mkononi akasimama mlangoni. Nililia, na si kidogo. Mtoto wa kike wa baba yangu alikuwa amefanya kitu kikasema.

Ijumaa asubuhi nikaondoka. Rebeki ilikuwa kwenye sanduku lake, sanduku likiwa kiti cha mbele, nimelifunga mkanda, kiyoyozi kinalipulizia. Nilikuwa nimepita nusu ya njia simu ilipolia. Alikuwa mama mmoja mkubwa wa jumuiya yetu ya Watanzania, ambaye akipiga simu hupiga kwa sababu.

"Nasikia unaelekea Houston leo."

"Shikamoo mama. Ndiyo, naenda kwa kaka."

"Marahaba. Basi kuna msiba, huyu baba wa watu amefariki juzi, kwake ni huku kaskazini, kabla hujaingia mjini. Iko njiani kabisa. Mjane yuko kwenye godoro tangu juzi, hajala. Utapita kutoa pole."

Marehemu nilimjua kwa sura tu. Lakini kupita barabara ya mlango wa mfiwa bila kuingia, na watu wanajua umepita, hilo halifanyiki. Ya mwenzio leo, kesho ni yako. Nikasema nitapita dakika kumi.

Nilifika saa saba mchana. Magari yalikuwa yamejaa pande zote mbili za barabara, na hakukuwa na kivuli hata cha paka. Nilipata nafasi mbali kidogo, nikaliacha gari linanguruma na kiyoyozi kinafanya kazi, nikawa nafikiria namna ya kufunga milango huku injini inaendelea. Akaja kijana wa watu aliyekuwa anapanga magari.

"Dada, zima tu gari, na funguo uniachie. Pastor anakuja na watu wake, inabidi tu-move magari."

Nikalitazama lile sanduku. Mtu yeyote akiliona anajua ni sanduku la fidla. Sasa fikiria: wanawake wamekaa chini kwenye mikeka, wamejifunga khanga, mjane amelala godoroni, na mimi naingia na fidla kwapani. Wangesema nimekuja kutumbuiza. Wangesema hivyo miaka kumi, na hadi Dodoma ingefika. Nilikuwa na onyo la fundi kichwani na macho ya watu mlangoni, na macho ya watu yakashinda. Nililifunika sanduku kwa vitenge viwili, nikaliweka kwenye buti kwa kuwa buti angalau halina kioo cha kupitisha jua, nikampa yule kijana funguo. Dakika kumi, nikajiambia. Naingia, natoa pole, natoka.

Nilivua viatu. Nilitoa pole kwa waliokaa mlangoni, nikapiga magoti kwa mjane, nikaketi mkekani kwa heshima ya dakika tano. Dakika ya nne mchungaji akaingia na watu wapatao ishirini, wakakaa palepale penye njia ya kutokea, na ibada ikaanza upya. Nyimbo tatu. Neno. Maombi, kisha maombi ya yule aliyeona maombi ya kwanza hayakutosha. Nilifumba macho na wengine, na badala ya Mungu nikaiona gundi. Niliiona inavyolegea, inavyong'aa, nyuzi zinavyovuta uso kidogo kidogo kutoka kwenye mwili. Sikuwa nimezilegeza nyuzi. Hilo nilikumbuka katikati ya Baba Yetu.

Ibada ilipoisha nikanyanyuka. Yule mama mkubwa aliyenipigia simu, ambaye ndiye aliyesimamia msiba, akanishika bega.

"Jamani, huyu mgeni ametoka Arlington, na ni nesi. Mwanangu, hebu mpime mfiwa wetu presha, tangu asubuhi anasema kichwa."

Ungekataa wewe? Wakaniletea mashine. Presha ilikuwa juu. Nikauliza dawa zake, hakuna aliyejua zilipo, zikatafutwa, zikapatikana kwenye mkoba wa marehemu, na mjane alipouona ule mkoba akalia kwa sauti iliyomfanya kila mtu mle ndani ainamishe kichwa. Nikampa dawa na maji. Akanishika mkono, akaugeuza akaona zile sugu, akauweka shavuni kwake, akafumba macho.

Nitasema ukweli wangu. Mwanamke amepoteza mume, ameushika mkono wangu kwa sababu ndio uliokuwa karibu, na mimi nahesabu dakika na kuomba apitiwe na usingizi ili niuchomoe. Nilijichukia. Na hata nilivyokuwa najichukia niliendelea kuhesabu. Alilala baada ya muda mrefu. Nikamwambia mwenyeji naondoka, naye akanitazama kama nimemtukana.

"Uondoke hujala? Unataka waseme mfiwa amekunyima chakula?"

Nilikula wali ule nimesimama karibu na sinki. Nilipopewa funguo zangu ilikuwa inakaribia saa kumi.

Buti lilifunguka na joto likanipiga usoni kama nimefunua tanuri la mikate. Vitenge vilikuwa vya moto. Niliinua kifuniko cha sanduku palepale barabarani. Uso wa rebeki ulikuwa umeachia upande mmoja wote, kuanzia kitako, mahali nyuzi zinapofungwa, hadi karibu na shingo, na kidole changu kidogo kingeweza kupita. Ubao wa vidole, ule unaokaa juu ya shingo chini ya nyuzi, ulikuwa umeteleza kando. Kidaraja kimeanguka. Nilizilegeza nyuzi, nikafunika, nikaendesha hadi Katy huku natukana kwa Kigogo, lugha ambayo barabara zile hazijawahi kuisikia.

Kaka alikuwa amesimama mlangoni. Wifi yangu alikuwa kazini. Kaka alikuwa amekonda, amevaa shati la mikono mirefu kwenye joto lile.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba. Iko wapi?"

Ningeweza kudanganya. Ningeweza kusema nimeisahau, nimeibiwa. Nikaweka sanduku juu ya meza yao ya kulia nikalifungua, nikamwambia yote, msiba, buti, presha, wali. Alitazama muda mrefu bila kuigusa.

"Uliiacha kwenye buti."

"Ningeingia nayo vipi?"

"Usingeweza," alisema. Ilikuwa mara ya kwanza maishani anikubalie kitu, na iliniuma kuliko kama angenipiga.

Lakini gundi ile inakubali kufufuka. Kilichokuwa mle kwenye kiungo kilikuwa bado kipo, kinahitaji maji ya moto na kubanwa. Kesho yake saa tisa alasiri ndipo lilipokuwa onyesho, na hewa ya Houston ina unyevu wa kufulia nguo, kwa hiyo kila saa ilikuwa na thamani. Nilishusha kiyoyozi hadi tukavaa masweta. Nikachemsha maji. Kwenye mkoba wangu wa kazi nilikuwa na bomba la sindano na bandeji za kuvutika. Nikajaza maji ya moto bombani, nikayapitisha kwenye ufa polepole, kitako hadi shingoni, mpaka gundi ya zamani ikaanza kunata tena na kunuka.

"Sasa," nikamwambia, "mkono wa kulia hapa, wa kushoto hapa kwenye kitako. Bana. Usiachie mpaka nikuambie."

Akabana. Nikaanza kuzungusha bandeji upande wa shingo. Gundi ikatoka kidogo chini ya mkono wake wa kulia, kama inavyotakiwa. Upande wa kushoto haikutoka. Ufa ulikuwa wazi palepale, naona giza ndani yake.

"Bana, kaka."

"Nabana."

"Kushoto. Bana kushoto!"

"Nabana, mama."

Ndipo nikavitazama vile vidole. Mtu akibana kitu kwa nguvu kucha zake hupauka. Zake hazikupauka. Kisha nikaona nyama ya kati ya kidole gumba na cha shahada, ambayo kwa mtu mzima hujaa: yake ilikuwa imebonyea. Nyama haibonyei hivyo kwa wiki mbili. Mambo haya nayaona kazini na nayajua. Nikaupenyeza mkono wangu chini ya wake.

"Nibane kidole," nikasema kwa sauti ya wodini.

Hakuna kitu. Vidole vilikaa juu ya changu kama glavu.

Nikausukuma mkono wake pembeni, nikabana kitako mimi mwenyewe kwa mikono yote miwili. Gundi ilikuwa inapoa. Nikiachia, kazi yote imekwisha. Kwa hiyo ugomvi mkubwa kuliko wote wa maisha yetu tuliufanya mimi nimeinama juu ya meza, siwezi kusogea, siwezi hata kujifuta machozi.

"Tangu lini?"

"Mwezi wa sita."

"Mwezi wa sita! Kesho unapiga na nini?"

"Kesho sipigi. Nilishawaambia zamani. Wameni-replace na mtu mwingine."

"Umewaambia lini?"

Akatazama sakafu. "Ile siku ulinipigia umetoboa, unalia. Mimi nilikuwa nimetoka kuwaambia asubuhi hiyo."

"Na ukaniambia nianze lingine."

"Ndiyo."

Nilimwita majina ambayo mdogo hamwiti kaka yake. Nilimwambia kuhusu zamu, kuhusu viganja, kuhusu Krismasi, kuhusu mjane niliyetaka kumnyang'anya mkono wangu, yote hayo kwa ajili ya onyesho lisilokuwepo. Alisikiliza. Alivuta kiti akakaa mbele yangu, ana kwa ana, ile rebeki katikati yetu.

"Ungeacha," alisema. "Ungejua sipigi, ungeacha."

"Ningeacha ndiyo! Mjinga gani asingeacha?"

"Ndio maana."

Nilikuwa nimebana mpaka mabega yanawaka. Akawa anapapasa ule mkono wake wa kushoto kwa wa kulia, kama mtu anayembembeleza mtoto wa mtu mwingine.

"Baba alinifundisha miaka mitatu," alisema. "Unajua nilichonga mazeze mangapi yaliyosema?"

Nikazidi kubana.

"Hata moja. Matatu niliyavunja mwenyewe, nikamwambia yamepasuka kwa jua. Mkono wangu wa kupiga, si wa kuchonga. Baba alijua. Wewe siku ile na kile kijiti ulikuwa umechonga shingo tayari, umeinyoosha, na hukufundishwa na mtu. Niliogopa, mdogo wangu. Niliogopa ungeweza."

Miaka yote ile nilikuwa nimejiandalia maneno ya siku atakayoomba radhi, maneno makali, mazuri. Hata moja halikuja. Nilichosema ni, "Nishikie bandeji, mwisho wake uko hapo karibu na bakuli." Akaushika kwa mkono wa kulia, nikafunga, nikakaza, kitako kikakaa.

Jumamosi haikuzungumzwa. Saa tisa alasiri ilipofika yeye alikuwa anaosha vyombo ambavyo havikuwa vichafu, nami nilikuwa nakunja nguo za wifi. Rebeki ililala kwenye meza katikati ya baridi ile, imefungwa bandeji kama mguu uliovunjika. Nilikuwa bado na hasira. Nilimpenda na nilikuwa na hasira, na vyote viwili vilikaa ndani yangu bila kusukumana.

Jumapili, baada ya ibada, nilifungua bandeji. Kiungo kilikuwa kimeshika. Niligonga pande zote kwa kifundo cha kidole na kote kukaitikia. Nilirudisha ubao wa vidole, nikainua kidaraja, nikakaza nyuzi, kidogo kidogo, nikisubiri mlio wa kupasuka ambao haukuja.

Kaka alikaa kwenye kochi akaiegemeza rebeki gotini, imesimama, kwa kuwa begani mkono wa kushoto usingeishikilia. Akachukua upinde kwa mkono wa kulia. Alivuta uzi wa kwanza, wa pili, wa tatu, zote tupu, bila kubanwa na kidole, kwa kuwa ndivyo pekee alivyoweza. Mkono ule wa upinde ulikuwa mzima kabisa. Sauti zile tatu zilizunguka sebule, na yeye akazirudia tena na tena, amefumba macho, mpaka wifi akaja kukaa kwenye ngazi akiwa bado amevaa sare za kazi. Kesho yake asubuhi ilikuwa hospitali, na mimi ndiye ningempeleka.

Akaacha kupiga. Akafumbua macho.

"Njoo ukae huku kushoto," alisema. "Weka vidole."

"Mimi sijui kupiga."

"Najua hujui. Weka."

Nilikaa karibu naye kiasi kwamba bega lake liligusa langu. Nikaweka kidole cha kwanza juu ya uzi, nikabana mpaka ukucha ukapauka. Akavuta upinde.

"Hapo sipo," alisema. "Shuka kidogo."

Nikashuka.